Leseni ya kuvua mtoni Uingereza: inapatikana fasta, bei poa, ila ni nusu ya ruhusa

Wadau wa huku ughaibuni, hasa mliotokea Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu na kwingine kote ambako mtoto anashika ndoano kabla hajashika kalamu, hii ni rivyu ya leseni ya serikali ya Uingereza ya kuvua kwa rodi (fimbo ya kuvulia) pamoja na mambo yote yanayoizunguka. Naandika kwa sababu kila ikifika kiangazi naulizwa yaleyale, eti jamani pale mto Thames mjini Reading mnavua tu au kuna kibali, na ukimpata samaki unaondoka naye? Kibali kipo. Kuondoka naye ndio stori ndefu, nitaifikia.

Hukumu kwanza maana najua wengine hamfiki chini. Leseni yenyewe kama huduma naipa nyota nne kati ya tano. Unaingia tovuti ya serikali, GOV.UK, unaandika jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, unachagua aina unayotaka, unalipa kwa kadi, na namba ya leseni inakuja kwa imeili au meseji kabla hujamaliza chai. Hakuna foleni, hakuna njoo kesho bosi ametoka, hakuna wa kumwachia kitu kidogo. Ya mwaka siku hizi inahesabiwa miezi 12 kuanzia siku inapoanza kazi, sio kama zamani ambapo zote zilikuwa zinakufa 31 Machi hata kama umenunua Februari, huo ulikuwa wizi wa kistaarabu kabisa. Mimi ya mwaka mzima ya rodi mbili nimelipa chini ya pauni 40, na kwa mji ambao kupaki gari tu katikati kunakutoa jasho hiyo ni hela ndogo. Kama hujui utaipenda hii kazi au la kuna ya siku moja na ya siku nane, ya siku moja ni chini ya pauni 10.

Aina zake zinachanganya kidogo so nisikilizeni. Kuna ya trauti na samaki wa kawaida wa maji baridi (wale wasio trauti wala salmoni), hiyo ndio ya watu wengi, inaruhusu rodi mbili. Kuna ya rodi tatu, inauzwa ya mwaka tu, hii ni ya wale jamaa wanaolala ziwani kwenye mahema wiki nzima wakisubiri kapu (samaki anayeitwa carp) mmoja mkubwa, wewe wa mtoni huihitaji na muuza duka akikwambia unaihitaji mwambie asante. Na kuna ya salmoni na sii-trauti (trauti anayeenda baharini), bei yake ni zaidi ya mara mbili, usiiguse mpaka uwe na sababu. Trauti ukimfuata mtoni ni rodi moja tu hata kama leseni yako inasema mbili. Mtoto chini ya miaka 13 hahitaji leseni kabisa, wa 13 mpaka 16 anaihitaji ila anapewa bure na bado lazima uiombe mtandaoni (wazazi wengi wanadhani bure maana yake haihitajiki, sio hivyo). Wazee na wenye ulemavu wana punguzo.

Ukivua bila leseni faini inaweza kufika pauni 2,500 na vifaa vyako vinaweza kuchukuliwa. Msichukulie poa. Maafisa wa Environment Agency, hao ndio wenye mamlaka ya mito huku England, wanapita kingoni na wanauliza kwa adabu sana, good morning sir, naomba kuona leseni yako, na adabu hiyo isikudanganye, kitabu cha kuandikia kipo mfukoni.

Sasa ile nyota moja niliyoikata. Leseni inakuruhusu kuvua, haikuruhusu kukanyaga. Yaani serikali imesema sawa wewe ni mvuvi halali, lakini ukingo wa mto una mwenyewe, inaweza kuwa shamba la mtu, inaweza kuwa halmashauri, inaweza kuwa klabu ya wavuvi iliyokodi kipande hicho miaka na miaka, na bila ruhusa ya huyo mwenyewe leseni yako ni karatasi. Kwenye tovuti hili limeandikwa ila limeandikwa kwa upole mno, mtu aliyezoea ziwa ambalo anaingia popote penye mwalo anaweza kulisoma na lisimwingie. Ningekuwa mimi ningeliweka juu kabisa kwa herufi nyekundu.

Ruhusa ya ukingo inapatikana kwa njia kama tatu hivi. Kuna vipande ndani ya miji ambavyo halmashauri imeachia watu wavue bure, unaviona kwa kibao. Kuna tiketi ya siku, unalipa pauni kadhaa dukani au kwenye app, mahali pengine mlinzi mwenyewe anapita ukingoni kukusanya. Na kuna uanachama wa klabu, mwaka mzima, ndio unafungua kingo nzuri. Kwa Thames kuna jambo la ziada ambalo wengi hawalijui, Environment Agency wenyewe wanauza kibali cha pembeni cha kuvua kwenye baadhi ya loki na wia zao, loki ni yale malango ya kupandisha na kushusha boti, wia ni ule ukuta ambao maji yanaanguka na kutoa povu, na pale chini ya povu ndio barbeli na trauti wanakaa sababu hewa ni nyingi. Kibali hicho ni tofauti na leseni, unahitaji vyote viwili. Kwangu ndio hela bora kuliko zote ninazotoa kwenye huu mchezo.

Klabu, aisee. Kuna moja siitaji jina nilijiunga nayo, fomu nzuri, ada nimelipa, kadi imekuja na kitabu cha ramani cha vipande vyao vyote, nimefika kwenye kipande namba sijui ngapi nakuta uzio mpya na kibao cha mwenye shamba kinasema binafsi. Kumbe mkataba uliisha na ramani haikubadilishwa. Nikawaandikia, wakajibu baada ya wiki mbili kwamba taarifa ilitolewa kwenye mkutano mkuu. Mkutano mkuu! Mimi nafanya kazi shifti za usiku, mkutano mkuu nitauona wapi. Klabu hiyo nyota mbili, na hizo mbili ni za mlinzi wao mmoja, mzee mstaarabu aliyenionyesha kwa kidole mahali maji yanapogeuka chini ya mti na akaniambia kaa hapa, usiende kwingine.

Kalenda. Hapa ndipo watu wanakamatwa. Mito yote ya England imefungwa kwa samaki wa kawaida kuanzia 15 Machi mpaka 15 Juni, siku zote mbili zikiwemo ndani, unaanza tena 16 Juni. Sheria hii sio ya jana, ilianza 1878, na sababu ni kwamba hiyo ndiyo miezi ambayo samaki wengi wanataga, paiki wanatangulia mapema, perchi wanafuata, chabu na barbeli wanamalizia mwezi wa tano na wa sita kwenye changarawe. Maziwa na mifereji mingi iliondolewa kwenye katazo hilo miaka ya 1995 na 2000, kwa hiyo Aprili utaona watu wanavua kwenye bwawa halafu unajiuliza mbona mimi nazuiwa. Wewe uko mtoni. Na kwa watu wa hapa Reading naomba msijidanganye na Kennet and Avon Canal, vipande ambavyo mto Kennet wenyewe unapita ndani yake vinafuata kalenda ya mto hata kama jina ni la mfereji. Trauti na salmoni wana tarehe zao zinazobadilika kutoka eneo hadi eneo, so kabla ya kutoka soma sheria ndogo za eneo lako, zipo zote mtandaoni bure.

Wale wa Kigoma mtanielewa haraka hapa. Mnakumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti? Miezi mitatu pia, sababu ileile, samaki wapumue wazaane. Tofauti ni kwamba kule kuna familia ilikuwa inakula kutokana na lile ziwa kila siku na huku anayelalamika ni jamaa mwenye rodi ya pauni mia tatu anayekosa cha kufanya wikiendi. Kwa hiyo mimi miezi hii mitatu siwezi kulalamika kwa sauti, naona aibu.

Haya, kuondoka na samaki. Hii nitakaa nayo kidogo.

Kisheria kwenye mito ya England unaruhusiwa kuchukua kwa siku: paiki mmoja asiyezidi sentimita 65, greilingi wawili wenye urefu kati ya sentimita 30 na 38, na samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20, hapo wamo barbeli, chabu, brimu, kapu, perchi, rochi, tenchi na wengine wa kundi hilo. Urefu unapimwa kutoka ncha ya pua mpaka pale mkia unapogawanyika, sio mpaka mwisho wa mkia, rula yako ianzie na kuishia hapo. Mkunga wa mtoni (eel), yule samaki kama nyoka, hachukuliwi kabisa, anarudi majini hapohapo. Na yote haya ni kama mwenye ukingo ameruhusu, na ukweli ni kwamba karibu kila klabu inakataza kuchukua hata dagaa mmoja. Kwa maana nyingine hesabu hiyo ya serikali ipo kwenye karatasi lakini mtoni utaikuta kwa nadra.

Sasa angalieni hesabu yenyewe ilivyokaa. Mdogo unaweza kuchukua, mkubwa hapana. Mtu mgeni anaona imegeuzwa kichwa chini miguu juu, lakini sisi wa Ziwa Victoria tuna sangara, na sangara sheria yake wakati wa Operesheni Sangara ya 2018, ile ya kupambana na uvuvi haramu, ilikuwa sentimita 50 mpaka 85, chini ya hapo mtoto na juu ya hapo mzazi, wote waachwe. Huku wameenda mbele kidogo tu, wamesema mzazi ndio muhimu zaidi kwa sababu paiki jike mkubwa anataga mayai mengi mno na pia ndiye anayewala paiki wadogo na kuwazuia wasijae. Kwa hiyo mtu wa Mwanza anayeniambia sheria za wazungu hazieleweki namuuliza, we Operesheni Sangara ya 2018 ulikuwa wapi? Zile nyavu zilizochomwa zilichomwa kwa ajili ya namba hizihizi. Tofauti ni namna ya kuisimamia, kule sheria ilikuja na moto, huku inakuja na good morning sir.

Ila nakiri kimila ni ngumu. Mama yangu mkubwa nilimpigia video call nikiwa nimemshika barbeli mzuri wa kilo zaidi ya tatu, amefurahi kapiga vigelegele, halafu akaniona namrudisha majini. Kimya. Kisha, "Mwanangu, unaumwa?" Nimemweleza sheria, nimemweleza klabu, nimemweleza kwamba mayai ya barbeli mtu akiyala yanamharisha na kumtapisha vibaya (hii ni kweli, msijaribu), akasema sawa mwanangu, ila usiwaambie watu wa huku. Kwa hiyo ndugu zangu kama shida yako ni kitoweo nenda duka la samaki, utapata sangara wa Ziwa Victoria aliyegandishwa na utamla kwa amani. Mtoni huku watu wanaenda kwa ajili ya mvutano wa mshipi na picha.

Samaki wenyewe sasa. Paiki ndio mwindaji, mrefu, kijani chenye madoa, mdomo bapa umejaa meno yanayoangalia ndani, anakaa kimya pembeni ya matete kama dalali wa stendi anayemvizia abiria mwenye begi kubwa. Msimu wake mzuri ni kuanzia Oktoba mpaka mto unapofungwa. Kiangazi maji yakipata joto wavuvi wazuri wanamwacha kabisa kwa sababu anachoka vibaya na unaweza kumrudisha akaenda kufia chini. Lazima uweke kipande cha waya mbele ya ndoano la sivyo anakata mshipi na kuondoka na ndoano tumboni, na uwe na koleo refu na mkeka wa kumlazia, majani hayatoshi. Ukitaka kumvua kwa chambo cha samaki hai, sheria inasema samaki huyo awe ametoka kwenye maji hayohayo, usihamishe samaki kutoka bwawa kwenda mto. Wengi tunatumia samaki wa baharini aliyekufa, sadini au makareli, harufu inafanya kazi yote.

Barbeli ndiye kipenzi changu. Ana sharubu nne, anakaa chini kwenye mkondo mkali, na kwa uzito wake hakuna samaki wa mto huu anayevuta namna ile. Chambo ni nyama ya kopo, peleti, mbegu za hempu, jibini. Shida yake anapigana mpaka nguvu zinaisha kabisa, so ukimtoa usimkimbize kwenye kamera, mshikilie ndani ya maji kichwa kikielekea kule mkondo unakotoka mpaka yeye mwenyewe apige mkia na kuondoka, inaweza kuchukua dakika kadhaa na mikono itaganda, vumilia. Kennet ilikuwa inasifika sana kwa barbeli, wazee wa hapa wakianza kuhadithia zamani utadhani wanatafuta machozi, siku hizi wamepungua, na moja ya mambo yanayolaumiwa ni wale kamba wa Marekani walioletwa miaka ya 1970 kwa ajili ya ufugaji wakatoroka, wanachimba kingo na kula mayai. Na kabla hujauliza, ndio wanaliwa na ni watamu, ila kuwatega kunahitaji kibali kingine cha Environment Agency, usiende tu na mtego.

Chabu anakula kila kitu, mkate, konokono, jibini lililooza, na hata maji yakiwa baridi ya kuuma vidole yeye bado anakula, kwa hiyo Januari ukikata tamaa mfuate chabu. Perchi ana mistari na mapezi mekundu, wa kilo moja na nusu huku watu wanaitana kuja kuona. Mtu aliyewahi kushuhudia sangara wa kilo themanini akishushwa mwaloni inabidi ajikaze asicheke.

Hali ya maji ndio inayoamua siku yako, na hapa nataka kusifia huduma nyingine ambayo ni ya bure na kwangu inapata nyota tano bila ubishi: ukurasa wa serikali wa vimo vya mito. Una vituo vya vipimo nchi nzima, Thames kwenye loki karibu zote, unaona kwenye simu grafu ya siku tano zilizopita na kama maji yanapanda au yanashuka. Mimi naangalia kituo cha Caversham kabla hata sijavaa buti. Kinachotakiwa sio namba yenyewe, ni mwelekeo. Maji yanayopanda haraka na yamejaa majani na matawi, lala nyumbani. Maji yaliyokuwa juu na sasa yanashuka taratibu, rangi ya chai ya maziwa inaanza kufifia, na joto halijaporomoka, hiyo siku omba ruhusa kazini. Barbeli hasa anapenda mvua ya uvuguvugu kutoka kusini magharibi baada ya baridi, maji yakipanda joto hata nyuzi mbili anaamka. Yakishuka chini ya nyuzi 8 hivi anazubaa.

Kwenye loki za Thames kuna vibao pia. Chekundu kinasema mkondo ni mkali, cha njano kinasema mkondo unaongezeka au unapungua. Vimewekwa kwa ajili ya wenye boti lakini mvuvi mwenye akili anavisoma, maana kama boti yenye injini inaambiwa isitoke, wewe unaenda kusimama kwenye udongo unaoteleza kufanya nini? Januari 2024 kimbunga Henk kilivyopita Thames ilipanda mpaka njia za kingoni zikapotea, usingejua ukingo umeishia wapi na mto umeanzia wapi. Na kinyume chake Agosti 2022 ukame ulikuwa mkali kiasi kwamba chanzo cha Thames kule Gloucestershire kilikauka na mto ukaanza kutiririka kilomita kadhaa chini ya pale unapoanzia siku zote. Wakati kama huo hewa majini inapungua na wavuvi wengi wanaacha mto wenyewe bila kuambiwa.

Uchafu siwezi kuupita. Kampuni ya maji ya Thames Water mwaka 2017 walipigwa faini ya pauni milioni 20.3 kwa kumwaga majitaka kwenye Thames na vijito vyake, na bado baada ya mvua kubwa mabomba ya dharura yanafunguka kwenye mito ya nchi nzima. Kwa hiyo baada ya mvua kubwa usile sandwichi na mikono ileile uliyoshika chambo, na kidonda kifunge kwa plasta. Nchi tajiri hii, mnaona.

Vifaa kuna sheria ndogondogo ambazo mgeni anazivunja bila kujua. Chubwi za risasi, yaani vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamisha ndoano, zile ulizotoka nazo nyumbani kwenye begi, hapana. Kuanzia uzito wa gramu 0.06 mpaka 28.35 ni marufuku, tangu 1987, kwa sababu mabata-maji makubwa meupe yalikuwa yanazimeza na kufa kwa sumu. Dukani wanauza za metali nyingine. Wavu wa kuhifadhia samaki usiwe na mafundo, tundu lisizidi milimita 25 na urefu usipungue mita 2. Ukiwa na rodi zaidi ya moja, kutoka kitako cha rodi ya kwanza mpaka cha mwisho isizidi mita 3. Na usiache rodi na ndoano ikiwa majini ukaenda kununua chipsi, hiyo ni kosa hata kama umeenda dakika mbili. Ukihama kutoka mto mmoja kwenda mwingine kagua, safisha na kausha wavu na buti zako, magonjwa na wadudu wanasafiri hivyo.

Duka la vifaa lililo karibu na kwangu, jina naacha, lina bei za kukomoa kwa rodi lakini chambo chao ni freshi na yule dada wa kaunta anajua mto kuliko klabu nzima. Rodi nunua mtandaoni, funza nunua kwake. Usianze na rodi ya ghali, ya pauni 40 ya futi 11 au 12 na rili ya kawaida inatosha mwaka wako wa kwanza, hela iliyobaki weka kwenye mkeka mzuri na wavu wa kuopolea.

Kwa mlio Scotland, hamna leseni ya rodi kule, isipokuwa Border Esk ambako leseni ya England ndio inatumika, ila ruhusa ya mwenye mto bado inahitajika kila mahali. Wales leseni ni hiihii lakini sheria ndogo na maafisa ni wao wenyewe.

Jambo moja nawaomba Environment Agency kama kuna anayesoma Kiswahili huko: vibao vya sheria za samaki nimeviona mtoni kwa Kipolandi, kwa Kilithuania, kwa Kirusi. Cha Kiswahili sijakiona bado. Sisi wa maziwa makuu tupo wengi, na kuvua tunajua.

Anayetaka kujaribu asianze Juni, mto umejaa boti za watalii na watoto wanaruka majini. Aje mwezi wa kumi, boti zimepungua, paiki ameanza kuamka, leseni ya siku moja inatosha, buti na soksi mbilimbili. Mkeka na koleo ninavyo, wavu pia. Waya mje na wenu, wa kwangu watu wanaazima hawarudishi.